Kompyuta Isipigwe na Baridi

Jumatatu, 1 Juni 1998. Njombe.

Baridi. Maji ya ndoo yameganda juu. Nimenawa uso tu.

Habari kubwa. Mradi wa Takwimu za Mazao umeletewa kompyuta. Imekuja kwa Landrova, ndani ya boksi, na mlinzi ameambiwa asiiguse hata kwa fimbo. Wanatafuta mtaalamu wa kuitunza, kazi ya mkataba, sifa ni vyeti vya kompyuta. Mradi uko jengo lile lile nilimokuwa karani mchapaji hadi serikali ilipotupunguza. Walituita ukumbini, wakatushukuru kwa utumishi wetu mwema, wakatupa soda. Tangu hapo napita pale kila siku, upande wa pili wa barabara, najifanya naenda posta.

Nimemwambia Jeni kazi hiyo ni yangu. Akauliza kompyuta nimewahi kuiona wapi. Nikasema kuona si sifa, sifa ni cheti. Mke wangu hana haraka ya kubisha. Aliendelea kuchambua viazi vyake vya kupeleka sokoni, kisha akasema amechoka kuibeba nyumba peke yake. Mwezi ukiisha bila kazi, tunahamia Bulongwa kwa baba yake, tukalime pareto. Mzee Nahumu ameshanitilia jembe mpini.

Mimi nikakae ukweni! Mtu mzima, mwenye tai tatu. Niamshwe na baba mkwe alfajiri, na mashemeji waseme chinichini kwamba yule wa Jeni kaolewa. Siendi.

Jumatano, 3 Juni. Makambako.

Nimekuja na lori la mbao, juu kabisa. Makambako kila kitu kipo, na kisichokuwepo kipo njiani kinatoka Dar. Chuo ni chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vipuri. Mwalimu ni Shamimu, binti wa wenye malori, kasomea Dar es Salaam. Ni mdogo kwangu sana, lakini namwita Mwalimu. Yeye ananiita Mzee Dionis. Sikupenda.

Viatu tulivua mlangoni. Kumbe Odilo naye yupo, yule aliyekuwa mtunza stoo wetu. Tulipunguzwa siku moja, soda akanywa mbili. Soksi yake imetoboka kwenye kidole gumba. Nimefarijika.

Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kudarizi, kama redio ya watu wanaojiheshimu. Mwalimu akakivua taratibu. Akabonyeza. Ikalia mlio mmoja mdogo, na kwenye kioo cheusi kikatokea kimstari cheupe. Kinawaka, kinazimika. Kinawaka. Sijui niandikeje. Kimstari kile kinakungoja wewe useme. Katika kazi yangu yote hakuna mkubwa aliyewahi kuningoja niseme.

Mwalimu alieleza mengi, habari za feni ya nyuma na matundu ya hewa, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kimstari. Odilo aliandika kila neno. Asiye na kichwa ndiye huandika.

Zamu yangu ikafika. Nikachapa jina langu, nikakosea herufi. Mkono ukaenda wenyewe kutafuta wino mweupe wa kufutia. Mwalimu akanionyesha kibonye cha kurudi nyuma. Nikabonyeza. Kosa likaondoka. Halikuacha doa, wala karatasi haikutoboka. Mimi nimezeeka nikichapa barua upya kwa ajili ya herufi moja, wakubwa wakiinua karatasi dirishani kutafuta mahali nilipofuta. Hapa kosa limeondoka kama vile halikuzaliwa. Machozi yakanilenga. Nikasingizia vumbi la Makambako, na wote wakaamini.

Jumamosi, 6 Juni. Makambako bado.

Nimegundua jambo. Chuo hiki hutoa cheti kwa kila somo. Odilo amechukua somo moja tu, eti anataka kubobea. Masikini. Watu wa usaili hawapimi kina, wanapima unene wa rundo. Kwa hiyo nimesoma matatu: Utangulizi, Utangulizi wa Uchapaji, na Kuwasha na Kuzima. Hili la mwisho nililipendekeza mimi mwenyewe. Mwalimu alicheka, akasema haya, kujua kuzima nako ni elimu.

Nimeongezea cheti cha semina ya nyuki, cha huduma ya kwanza na cha kipaimara. Vyote nimevipeleka vikatiwa nailoni ngumu. Cheti kikishang'aa, nani atasoma maneno?

Odilo amenishauri, kwa upole wa kinafiki, nikitoe cha nyuki nisije nikachekwa. Nimemwambia tutaonana Njombe.

Jumanne, 9 Juni. Njombe.

Usaili. Wazee watatu, wamevaa koti juu ya koti, jiko la mkaa chini ya meza katikati ya miguu yao. Mwenyekiti ni Bwana Hilario, meneja wa mradi, mtu mpole mwenye mafua yasiyopona. Boksi lilikuwa pembeni, halijafunguliwa. Hakuna aliyeligeuzia mgongo.

Odilo alitangulia. Mlango haukufungwa vizuri, nikasikia. Waliuliza mali hii ya serikali ataitunzaje. Akajibu kwamba mashine hii hupenda ubaridi, joto ndilo huiua. Bwana Hilario akapiga chafya, akauliza taratibu ni kiumbe gani hicho kinachopenda baridi ya Njombe. Wakacheka mpaka meza ikagonga jiko.

Nikaingia mimi. Nikasalimia kamwene, wakaitikia. Vyeti vikapita mkono hadi mkono, vinateleza. Mmoja akauliza cha nyuki kinahusianaje na kazi. Nikasema nyuki na kompyuta wote hawataki papara. Akaandika.

Likaja swali la kuitunza. Nikasema la kwanza, isipigwe na baridi. Imetoka nchi za mbali, haiijui Juni yetu. Sisi tunafunika watoto, tunafunika redio, tunafunika hata chupa ya chai. Je, kitu kinachojua kufuta makosa ya binadamu ndicho tukiache wazi? Wazee wakaitikia kwa vichwa. Bwana Hilario alivua miwani akaipangusa. Hata mimi maneno yale yalinigusa.

Ijumaa, 12 Juni.

Nimepata. Majaribio hadi mwisho wa mwezi, kisha mkataba wa mwaka mzima. Nimevuka barabara na kuingia kwa mlango wa mbele. Mlinzi ni yule yule. Aliuliza nimetumwa na nani, nikamwambia serikali.

Jeni jioni yote alikaa na sindano, akadarizi kitambaa cha kufunikia kioo. Maua mekundu pembeni, katikati maneno KAZI NA BARAKA. Vidole vyake vimepasuka kwa udongo wa viazi, uzi ulikuwa unanasa kwenye nyufa. Nilimtazama. Nikaapa moyoni kwamba Bulongwa ataiona wakati wa likizo tu.

Jumatatu, 15 Juni.

Tumefungua boksi. Ofisi zote zilikuja kutazama, viatu vikajaa korido nzima, wakubwa kwa wadogo wamesimama na soksi juu ya saruji. Nilipoiwasha, hakuna aliyekohoa. Hata Bwana Hilario alizuia chafya.

Alikuwepo mama mmoja, Modesta, katoka Lugarawa kufuatilia habari za mbegu. Akaomba aguse. Nikamruhusu abonyeze herufi za jina lake, moja moja, nikimwonyesha kwa kidole. Zikatokea zote, nyeupe kwenye weusi. Aliweka mkono kifuani, akasema jina lake halijawahi kuandikwa na taa. Na mimi ndiye ninayeitunza taa hiyo.

Kesho anakuja mgeni mkubwa kutoka mkoani. Bwana Hilario ameagiza aikute macho, isizimwe. Nimefunika kioo kwa kitambaa cha Jeni. Kasha la mashine yenyewe nimelivisha blanketi la mwanetu Ema, nikalikunja vizuri hadi nyuma ambako kulikuwa na upepo unatoka.

Jumanne, 16 Juni.

Siku nzito. Asubuhi nimeikuta inakoroma. Pumzi nzito, ya haraka, kama mtoto mwenye kifua. Nikaingiza mkono ndani ya blanketi. Inachemka! Nikajua ni homa ya mapafu, na mgeni anafika mchana.

Hapo ndipo cheti cha huduma ya kwanza kilipofanya kazi. Mgonjwa apatiwe joto. Nikaongeza koti langu, nikasogeza jiko la mkaa karibu, nikaketi na mkono juu yake. Nilikuwa namwona Mzee Nahumu na jembe lake. Nikaiambia mashine ivumilie, sote wawili tuko mashakani. Ilikoroma zaidi, zaidi, kisha ikatulia kabisa. Nikashukuru. Nikadhani imepata usingizi.

Mgeni akaja na watu wake, wakavua viatu. Nikainua kitambaa cha Jeni kwa ncha mbili, kama nilivyofanya mazoezi. Kioo cheusi. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Ikatoka harufu ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa jikoni. Mgeni akauliza kama hiyo ndiyo kawaida yake. Bwana Hilario alinitazama bila kupiga chafya hata moja.

Alhamisi, 18 Juni.

Wamemwita Mwalimu Shamimu kutoka Makambako. Kaletwa na lori la kaka yake, Mudy. Odilo naye akaja, eti alikuwa anapita. Mwalimu akatoa koti. Akatoa blanketi. Akatoa kitambaa. Akauliza nani aliyeivisha. Watu wote wakawa wanatazama dari.

Akaifungua. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Ndani kuna kibao cha kijani, kimejaa njia nyembamba za fedha, zinapishana bila kugongana, na vijumba vyeusi kando ya njia. Ni kama kuiona Njombe yote kutoka mlimani asubuhi ya jua. Nilisahau kwamba nimeharibikiwa. Mwalimu akanionyesha pale palipoungua, akanieleza polepole kwamba haikuwa na homa. Ilikuwa inatafuta hewa. Feni ilihangaika kuiokoa na mimi nikaiziba pumzi.

Nimemsikiliza kwa heshima. Lakini kasomea Dar es Salaam, Juni ya Njombe ataijulia wapi.

Bwana Hilario amesema majaribio yangu yameishia hapo. Kasema kwa upole, ndio uliouma. Mashine ikipona itakuwa chini ya Odilo. Nilimfuata Mwalimu hadi kwenye lori. Nikamwomba cheti cha ukarabati, kwa kuwa nilihudhuria ukarabati mwanzo hadi mwisho. Alinitazama muda mrefu. Mudy akapiga honi. Akaniandikia.

Nyumbani, Jeni alikipokea kitambaa chake akakikunja. Akauliza blanketi la mtoto liko wapi. Lilikuwa limeungua tundu la ukubwa wa sahani. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliingiza mkono kwenye lile tundu, akautazama mkono wake upande wa pili. Akasema, Baba Ema, kesho tufunge mizigo.

Jumapili, 28 Juni. Bulongwa.

Baridi ya hapa imezidi ya Njombe. Jembe ni zito, mpini ni mpya. Shemeji mmoja amesema kweli neno lile la kuolewa, nami nikiwa nasikia. Viganja vimetoka malengelenge. Kwenye tuta hakuna kibonye cha kurudi nyuma: ukikosea, Mzee Nahumu anakuja kusimama juu ya kosa.

Tulipokuwa tunatoka Njombe kuja huku, nilichungulia dirisha la ofisi. Odilo amefungua madirisha yote, na mashine imekaa wazi, haina hata leso. Ilikuwa imeshapona, imewaka. Kimstari kinangoja. Nilisimama pale mpaka dereva akapiga honi. Itadumu kwa muda gani katika hali ile?

Vyeti vyangu Mzee Nahumu amevitundika sebuleni, juu ya redio. Jana alisimama mbele yavyo, kofia mkononi, akavisoma kimoja kimoja. Hiki cha ukarabati alikirudia. Leo baada ya ibada ametangaza mezani kwamba chama cha wakulima wa pareto, ambacho yeye ni mjumbe wa kamati, kimeahidiwa kompyuta. Akanigeukia, akaniita Fundi, mbele ya mashemeji. Akauliza kama chombo hicho kitahimili baridi ya huku.

Nikaweka kijiko chini. Nikamwambia kosa la Njombe nalijua, nililitafakari njia nzima. Blanketi lilikuwa moja, tena la mtoto. Hapa tutaanza na mawili, ya sufu. Mzee alitikisa kichwa kwa mshangao, akasema kweli elimu ni bahari. Atanipeleka mbele ya kamati.

Jeni aliinuka mezani. Amekusanya mablanketi yote ya nyumba hii, ameyafungia sandukuni, na ufunguo ameuvaa shingoni. Mke mwema huyu. Anayatunza yasichakae kabla kompyuta haijafika.