Kituo Kisicho na Foleni

Jumatatu, 4 Machi

Nimeonewa! Wizara imetoa nyota za ubora wa huduma nchi nzima, na kituo cha afya ninachokiongoza hakikuambulia hata moja. Cha ng'ambo ya barabara, cha yule jamaa niliyesoma naye, kimepata tatu. Mtu aliyekuwa akichungulia majibu yangu! Kosa letu eti wagonjwa husubiri mno. Mkaguzi anarudi Alhamisi, na nikishindwa tena kituo kinafungwa. Mkunga wetu akashauri tufungue chumba cha pili cha kutibia. Humo ndimo ninamojinyoosha mchana. Huyu mama ana lake jambo.

Jumanne, 5 Machi

Nimesoma mwongozo wao. Muda wa kusubiri huhesabiwa tangu mgonjwa akae kwenye benchi. Kumbe mbaya wangu ni benchi! Nimeamuru yote yatolewe. Mkunga akauliza wagonjwa watakaa wapi. Nikamjibu wasimame nyuma, kwenye kamba za kuanikia mashuka. Akanitazama kama aliyemeza dawa ya minyoo. Wivu tu.

Jumatano, 6 Machi

Majaribio. Mama mkwe kaja, goti limevimba. Nikamwelekeza kwenye kamba kama wengine. Sina upendeleo mimi. Kisha nikaingia kujinyoosha kidogo. Kuamka, wagonjwa wote wamevuka barabara. Kwa jamaa! Mama mkwe peke yake hakuweza kuvuka, kwa sababu ya goti. Mkunga alimrudisha nyumbani kwa toroli ya mashuka, bila kutibiwa. Jioni mke wangu hakunipakulia chakula. Nimelala njaa kwa ajili ya taifa.

Alhamisi, 7 Machi

Mkaguzi kafika. Ukumbi mweupe, sakafu inang'aa, hakuna hata wa kukohoa. Nikajigamba kwamba hapa hasubiri mtu. Akauliza wagonjwa wako wapi. Nikasema tumewaponya. Akafurahi sana. Akasema kama watu wa hapa wana afya namna hii, atahamishia dawa na wauguzi wote ng'ambo kwenye msongamano, na hapa patakuwa ghala la vyandarua. Nami niwe mtunza ghala! Nimembembeleza mpaka amekubali kupita tena Jumatatu. Mkunga akanikumbusha chumba cha pili. Ana wimbo mmoja tu, mama wa watu.

Jumapili, 10 Machi

Mabenchi yamerudi. Kesho yatajaa pomoni: mashangazi, wajomba, mashemeji, wote wamekubali kuja kukohoa. Mkaguzi ataona wagonjwa mpaka akome. Benchi la mbele nimemwekea mama mkwe, maana hakuna anayeguna kama yeye. Amekubali, ila kwa sharti moja: nimtibu goti kwanza, leo hii, hapa hapa sebuleni. Mtu mzima, hata haya hana! Nimemwambia avumilie. Goti likipona, kesho ataguna na nini?