Kwaya ya Bibi Ndani ya Flashi

Jumanne, 10 Juni 2025
Likizo. Nina mpango! Jumapili kwaya yetu hapa Machochwe inatimiza miaka ishirini. Bibi Wegesa, aliyekuwa akianzisha nyimbo, ataheshimiwa. Sauti yake ya enzi hizo imebaki kwenye CD moja tu, na deki yake ilikufa zamani. Nitaihamishia kwenye flashi, ipigwe kwenye spika za kanisa. Binamu yangu Gidion, anayejazia watu nyimbo kwenye memori kadi pale senta, amesema nimpelekee yeye. Nimekataa. Kimoyomoyo. Kompyuta nilipata A.

Jumatano, 11 Juni
Katekista Kornelio kaniruhusu kutumia kompyuta ya ofisi. Kwa woga nilimwamkia shikamoo mara mbili. Nikaziburuta nyimbo zote kumi na mbili hadi kwenye flashi. Nukta moja! Tena nyepesi ajabu, flashi haikujaa hata kidogo. Hiyo ndiyo dijitali. Bibi akauliza kama nimezisikiliza. Nikamweleza kuwa kompyuta haikosei. Akaniita mume wangu mwenye akili. Nikamshauri Baba aitungike CD shambani, mng'ao wake uwatishe ndege wanaomaliza mtama. Tundu la katikati linafaa kabisa kwa kamba.

Ijumaa, 13 Juni
Nimechomeka flashi kwenye redio ya Gidion, nimwoneshe. Kimya. Tukajaribu wimbo mwingine. Kimya! Gidion akachungulia, akacheka mpaka akakaa chini. Eti msomi umebeba majina ya nyimbo, nyimbo zenyewe umeziacha kwenye CD. Eti kuna programu ya kuzitoa, haziburutwi kama viazi. Nikasema nilijua, nilikuwa namjaribu. Nikatoka mbio kwenda shambani. Giza likaniwahi njiani.

Jumamosi, 14 Juni
Balaa. Usiku tembo walitoka hifadhini wakapita shambani kwetu. Tembo hawaogopi kwaya. Nguzo chini, kamba imekatika. CD nimeikuta kwenye kinyesi! Nilipoingia nayo nyumbani nimeificha ndani ya shati, Bibi akaniuliza kesho avae kitenge kipi. Nilitamani ardhi inimeze. Nikaiosha kwa sabuni, nikaifuta kutoka katikati kwenda nje kama kitabu kinavyosema. Gidion akaja ofisini bila kuitwa, akanionesha pa kubofya. Kompyuta ikakoroma. Kumi na moja ziliingia vizuri. Ule ambao Bibi anaanzisha peke yake ulikwama, ukarudi nyuma, ukaingia kwa taabu.

Jumapili, 15 Juni
Kanisa limejaa. Wimbo wa Bibi ukaanza. Ghafla: twende-twende-twende-twende... Nikajificha nyuma ya spika. Mara Bibi akasimama, akaudaka palepale kwa sauti yake mwenyewe. Wanakwaya wa zamani wakaitikia. Vigelegele! Baadaye akawatangazia watu kuwa mjukuu wake aliusimamisha makusudi ili yeye aumalizie. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Gidion alikohoa tu.

Jumatatu, 16 Juni
Sifa zimeenea. Mama Precious ameleta CD ya nyimbo za harusi yake, hana nyingine. Gidion akataka kunielekeza tena. Nikamwambia asijisumbue, nimeshaelewa. Nimeziburuta mwenyewe. Nukta moja! Kompyuta imeanza kunizoea. Sijazisikiliza, ila hakuna haja. CD nimempa Baba. Ndege wamerudi kwenye mtama.