Chumba cha Babu Seifu Ndani ya Kaske

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Hatimaye maiti! Astaghfirullah. Naandika upya. Inna lillahi: Babu Seifu, mjomba wa mama yangu, fundi cherehani wa hapa Buyenzi, avenue ya kumi na tatu, alifariki Jumamosi alfajiri na kuzikwa siku ileile baada ya adhuhuri. Leo ilikuwa khitma. Nimesikitika. Pia naangalia kalenda.

Maana Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Maître Amélie, wakili wa Kigobe, ana nafasi moja ya kazi. Moja tu! Anataka mtu wa kumjengea matukio ya mauaji ndani ya kompyuta, ili jaji avae kaske, ile miwani mikubwa inayofunika nusu ya uso, na ajikute amesimama katika chumba cha mauaji bila kutoka mahakamani. Tulioitwa ni wawili. Mimi, mwenye shahada ya informatiki na pongezi za walimu. Na Ilyasi, niliyesoma naye, anayetengeneza simu mbele ya gereji ya baba yake. Kila mmoja alete tukio moja alilolijenga mwenyewe. Kaske ya Maître ni moja, tunapokezana: leo yangu, kesho yake.

Ilyasi amechukua kesi ambayo Maître tayari anaitetea. Léonce, mlinzi wa nyumba moja kule Gihosha, anashtakiwa kumuua tajiri wake jikoni. Jirani anasema alikuwa uani kwake anasonga bugali, akamwona Léonce kupitia dirisha la jiko, ng'ambo ya ukuta. Basi Ilyasi amejenga ua, ukuta na jiko. Ndoo, sufuria, dirisha. Hana ubunifu hata chembe! Ni kama mgeni anayekuletea zawadi aliyoiokota sebuleni kwako.

Mimi nitapeleka mauaji ambayo hakuna mtu mwingine anayejua kwamba ni mauaji.

Watu wote wanasema presha. Kweli alikuwa nayo miaka kumi na miwili; daktari alimkataza chumvi, yeye akamkataa daktari. Lakini mimi nilianza kutafakari tangu Jumamosi. Nilitafakari kwa nguvu hata sikumbuki vizuri siku ilivyopita. Tulipika. Tulibeba vitu. Wanawake wakaja na mikeka. Mtu akaniambia shika hapa, nikashika. Mwili ulikuwa msibani, akili ilikuwa kwenye jinai.

Leo chakula kilipotoka na wanawake kuhamia uani, niliingia chumbani kwa marehemu na simu. Picha mia mbili na arobaini: kuta, kitanda, kabati, sakafu, pembe zote. Mama akanikuta nimepiga magoti nikipiga picha mguu wa kitanda. Akauliza nafanya nini. Nikasema kumbukumbu. Akalia, akanikumbatia, akaenda kuwaambia wengine wasiniingilie.

Nikapata dakika ishirini za ziada.

Jumanne, 9 Septemba

Umeme ulikatika mara tatu. Hata hivyo, kufikia saa tisa alasiri programu ilikuwa imeziunga picha zote, na chumba cha Babu Seifu kikasimama kwenye kompyuta yangu. Nikakizunguka. Nikakitazama toka juu.

Babu alikutwa sakafuni, upande wa dirisha. Jambo hilo halina ubishi. Bibi Mwantum, mjane wake, amelisimulia kwa kila mtu aliyeleta sukari. Sasa angalia chumba! Kitanda kimebanwa kabisa ukutani, upande huohuo wa dirisha. Hakuna nafasi ya kuingiza hata kiatu. Mtu mzima ataangukaje mahali ambapo hapana mahali?

Pili: kabati la nguo limesimama mbele ya dirisha. Limeliziba lote! Katika joto hili la Bujumbura, nani anaziba dirisha la chumba cha kulala? Mtu asiyetaka majirani wasikie.

Tatu: glasi yake ya chai ya usiku haionekani katika picha hata moja.

Ndani ya nyumba walilala wawili. Mmoja amezikwa. Amebaki mmoja.

Sikupata usingizi wa mchana. Bibi Mwantum, jamani! Mwanamke anayenipa mandazi ya moto tangu nina miaka minne. Wauaji wa aina hiyo ndio wabaya zaidi.

Ilyasi akapiga simu kuuliza kamba ya kuchajia kaske. Nikamwambia kwa mbali tu kwamba nina mauaji halisi na mshukiwa mmoja. Akacheka mpaka nikasikia spana zinaanguka. Akasema: “Komiseri Hayat! Umeshamfunga nani? Izraili?”

Nikamwambia kamba iko kwenye mfuko, afungue macho.

Jumatano, 10 Septemba

Siku yangu ya kaske. Mpango: nimvalishe mshukiwa. Ajikute ghafla ndani ya chumba kile, maiti iko sakafuni, naye akiri. Simu yangu iko mezani inarekodi.

Palikuwa na shida ndogo ya maiti. Programu inatoa maiti moja tu bila malipo, nayo ni mzungu aliyevaa suti na tai. Nikamlaza palepale, upande wa dirisha, nusu ya mwili wake ikazama ukutani. Nikaona inatosha kutia hofu.

Kumpata mshukiwa hakukuwa kazi. Bibi Mwantum amekaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nje. Nilimkuta mkekani sebuleni anahesabu tasbihi na kulalamika kwamba wageni wamepungua na kwamba hata sauti ya cherehani haisikiki tena. Nikamwambia nina chombo cha kumwonyesha kitu. Akauliza kama ni halali. Nikasema ni kama televisheni. Akasema basi inategemea.

Nikamvalisha. Nikaisogeza simu karibu naye.

Akasema: “Uyu muzungu anafanya nini mu chumba yangu?”

Nikamweleza kwamba huyo anasimama badala ya Babu Seifu. Akachungulia chini, akapiga kofi pajani, akasema Seifu hakuvaa tai hata siku ya ndoa, na huyu ana miguu mirefu kama ngazi. Kisha akageuka huku na huku, akasema ah, hiki ni chumba cha siku ya msiba. Nikamuuliza maana yake nini. Akashangaa mimi kuuliza. Kitanda kilisukumwa ukutani Jumamosi asubuhi ili wanawake wapate pa kutandika mikeka. Kabati likahamishwa na kuwekwa dirishani, maana huko kwingine ni mlango. Glasi zote za nyumba zikaenda kwa wageni, na nyingine hazijarudi mpaka leo, hasa zile za mistari.

Nikamuuliza, kwa sauti imara, nani alilihamisha kabati.

“Si weye na Mama yako? Weye ulishika ku upande wa pili. Ulinikanyanga kidole! Nikasema, mutoto analia ndani ya roho, tumuache.”

Nimesikiliza rekodi mara nne. Ndivyo alivyosema.

Kisha akauliza, polepole, kama chombo kinaweza kumweka Seifu mwenyewe, ameketi kwenye cherehani, hata asiseme kitu. Nikamjibu kwamba umbo la namna hiyo halipo kwenye orodha. Akasema basi, si neno. Akahesabu tasbihi chache, kaske usoni. Halafu akauliza nini kingine kipo, kwa kuwa siku ni ndefu.

Kilichokuwamo ni jiko la Ilyasi tu, la zamu yake ya jana. Nikamfungulia, nikaenda pembeni kuandika. Nilihitaji kufikiri.

Nikiandika, nikamsikia anazungumza peke yake. Akaniuliza huu ni ua wa nani. Nikamweleza kwa kifupi: ni wa jirani aliyemwona muuaji wakati anasonga bugali. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, akanyoosha shingo, akasema ndiyo, dirisha analiona. Kisha akaniomba kigoda. Nikamsukumia kwa mguu bila kuinua kichwa. Akaketi, akabana sufuria isiyokuwepo kwa nyayo zake, akaanza kusonga. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa! Kisha akasema kwa sauti kubwa kwamba sasa anaona ukuta tu. Nikamwambia vizuri, Bibi.

Ilyasi alikuwa amefika kuchukua kaske. Kwa ajili ya eda hakuingia, alisimama barazani nyuma ya pazia, akauliza kutoka huko: “Bibi, umesema unaona nini?” Akarudia: ukuta. Ilyasi akamuuliza kama mtu hawezi kusonga bugali amesimama. Bibi akamuuliza yeye amelelewa na nani. Mbabula, jiko la makaa, iko chini, sufuria iko juu ya mbabula, mwanamke yuko juu ya kigoda. Ukisimama sufuria inaondoka na mwiko. Wakaendelea hivyo karibu saa nzima, yeye kigodani, Ilyasi pazia usoni, wakijadili mapishi.

Wapoteza muda. Nimewaacha.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepata jibu!

Kabati lilihamishwa. Sawa. Kitanda kilisukumwa. Sawa. Lakini nani aliagiza? Bibi Mwantum! Kabla ya saa tatu asubuhi, chumba kizima cha tukio kilikuwa kimevurugwa mbele ya mashahidi arobaini, na hakuna aliyeshtuka. Na alitumia mkono wa nani? Mkono wangu. Mtaalamu pekee katika familia! Nimevutiwa, lazima nikiri.

Nikamweleza Mama, kwa utulivu, hatua kwa hatua. Alikuwa anachambua mchele. Akaacha. Akasema kila nyumba ya msiba hapa Buyenzi inahamisha kabati, na kwamba alipofariki baba yangu kabati letu lililala nje siku tatu, je, naye Mama nimwandikie kesi? Nikasema hiyo ni kesi ya zamani. Akasema nikilitaja jina la Mwantum mbele ya watu Kigobe, nisirudi na njaa.

Sitalitaja. Nimeandika “Mshukiwa M.”

Ijumaa, 12 Septemba

Mafuta hakuna, kwa hiyo hata mabasi hakuna. Nilitembea kwa miguu mpaka Kigobe, kompyuta mgongoni, saa moja na nusu. Ilyasi alinipita juu ya baiskeli ya mtu, akapunga mkono.

Nilitangulia mimi. Maître Amélie akavaa kaske, akakizunguka chumba kwa makini. Akauliza mzungu ni nani. Nikamfafanulia. Akauliza daktari aliandika nini. Nikasema presha, kwa sasa. Akauliza kama chumba kiko kama kilivyokuwa wakati wa kifo. Nikasema hapana, na hapo ndipo ulipo ujanja wa Mshukiwa M. Akavua kaske. Akaniuliza, kwa upole sana, kama Mshukiwa M. ana wakili. Nikasema bado. Akasema nimshauri atafute.

Nilichukulia kwamba imekwenda vizuri.

Kisha Ilyasi. Hakuhutubia. Alimvalisha Maître, akamsimamisha katika ua wa jirani, akamuuliza kama analiona dirisha la jiko. Akasema analiona vizuri, na ndiyo shida yake ya miezi minane. Ilyasi akamwomba aketi. Maître akauliza wapi. Chini, akasema Ilyasi, kama anayesonga bugali. Maître Amélie, suti nyeusi, viatu vya kisigino, akashuka mpaka kwenye zulia.

Akanyoosha shingo: ukuta tu.

Akasimama. Akaketi tena. Akasimama. Akasema neno la Kifaransa ambalo sitaliandika. Kisha akaniangalia mimi, nikajua anafikiria jambo ambalo nami nililifikiria wakati huohuo: watu wote, polisi, yeye, Ilyasi, walilijaribu dirisha lile wakiwa wamesimama.

Akamuuliza Ilyasi alifikiriaje. Na hapo mjinga yule akajichimbia! Angeweza kunyamaza tu na kuchukua kazi. Akasema si yeye, ni bibi mmoja wa Buyenzi aliye edani. Akataja hata avenue.

Nilirudi nyumbani kwa furaha. Mpinzani amekiri kwamba kazi si yake. Nimebaki mimi.

Jumamosi, 13 Septemba

Maître Amélie alifika Buyenzi saa nne asubuhi, kilo mbili za sukari mkononi, mtandio kichwani. Nilimwona tangu akiwa pembeni mwa barabara, nikanawa uso haraka, nikatoka na vyeti vyangu. Akanisalimia. Akapita. Akaingia kwa Bibi Mwantum.

Alitoa pole. Aliketi mkekani. Walikunywa chai. Nilikuwa barazani, hivyo nilisikia yote bila kusikiliza.

Nafasi amepewa Bibi Mwantum.

Atavaa kaske nyumbani kwake mpaka eda iishe, ataingia katika kila jiko, kila ua na kila chumba ambacho mawakili wa Kigobe hawaelewi watu wanaishije ndani yake. Léonce huenda akatoka kabla ya mwezi kwisha. Ilyasi alikuja kumpongeza kupitia pazia, akicheka kama kawaida yake. Anasema matukio atamjengea kwa bei ya jamaa, kwa kuwa gereji haiwezi kumwacha. Bibi amesema anakubali kwa sharti moja: Hayat awe msaidizi wake, wa kumfunga mikanda ya kaske na kumsomea mafaili, “juu mutoto ana akili, ni vile tu anaishi mbali nayo.” Mama alipiga kigelegele, katika nyumba ya msiba, ikabidi anyamazishwe.

Nimekaa na jambo hili tangu mchana. Nimelipanga kwenye karatasi.

Mwanamke anaishi na mume miaka thelathini na minne bila kazi yoyote ya mshahara. Mume anakufa. Siku saba baadaye, saba tu, mwanamke huyo anapata kazi Kigobe, katika teknolojia, bila diploma, kazi ambayo asingeipata kama asingekuwa mjane, edani, sebuleni, na kaske mbele yake.

Sababu ya mauaji hiyo hapo! Hata mtoto angeiona.

Nimekubali kuwa msaidizi. Naanza Jumatatu. Nimenunua daftari jipya, na kwenye jalada nimeandika “Mapishi,” ili asishtuke.