Wiki Niliyomaliza Hasira

Jumatatu, tarehe 2 Machi

Niliokoka wiki kumi na moja zilizopita. Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliokoka siku hiyohiyo, ibada hiyohiyo, na kule mbele mimi ndiye niliyefika kwanza. Sasa jana mchungaji katangaza kwamba Jumapili ijayo wifi ataongoza maombi. Wifi! Mtu ambaye mpaka leo akitafuta Habakuki anaanzia Mathayo.

Baada ya ibada nilimvizia mchungaji mlangoni, nikamuuliza zamu yangu lini. Akasema taratibu, mama, Mungu bado ana kazi na wewe. Nikauliza atamaliza lini, ili nijipange. Akacheka. Sikuwa natania. Akaniuliza habari za hasira zangu. Nikamwambia hasira nilishamaliza tangu mwezi jana. Mume wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akashikwa na kikohozi.

Kwa hiyo unatakiwa ushahidi. Sawa. Utapatikana.

Jumanne, tarehe 3 Machi

Kutwa kwenye duka langu la kopi. Akaja mama mmoja na cheti cha kuzaliwa, anataka kopi moja. Nikatoa. Akasema ndogo. Nikakuza. Akasema kubwa mno, halafu imepinda. Nikatoa ya tatu. Akasema kumbe ile ya kwanza ndiyo ilikuwa nzuri.

Nikahesabu moyoni mpaka kumi. Nilipofika saba akaniuliza mbona midomo inacheza. Nikatabasamu. Nikampa ile ya kwanza. Nikamtakia siku njema, na meno yote nje.

Na nani aliyeona? Hakuna. Uvumilivu wa bure kabisa. Jioni ndipo nikapata akili: lazima nitukanwe mchungaji akiwa papo hapo. Kila Alhamisi saa nne huleta ratiba ya ibada nimtolee kopi. Hukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine. Mahali pazuri.

Jumatano, tarehe 4 Machi

Nimeongea na fundi makochi wa chumba cha pili. Tunatenganishwa na ukuta wa mbao na miaka sita ya ugomvi: nyundo yake, vumbi la sponji zake. Mtaa mzima umeshagombana naye. Nilidhani kazi hii ataifurahia.

Akaona haya! Akasema hana neno na mimi. Nikamkumbusha kwamba mwaka jana niliwaambia wateja wake kochi lake ni jeneza lenye mito. Akasema kweli, lile lilimkaa moyoni. Tukakubaliana: yeye anitukane, mimi nimchapie orodha ya vitambaa vyake kwa rangi.

Matusi nimemwandikia mwenyewe, matatu, ya wastani. Nimemwonya asiguse unene wangu wala watoto wangu. Karatasi nimemkabidhi saa kumi na moja. Nimelala mapema kama mtahiniwa.

Alhamisi, tarehe 5 Machi

Afadhali niandike yote, yaishe.

Mchungaji alifika saa nne, akaketi. Fundi akachelewa robo saa, ikabidi nitoe kopi moja moja. Alipoingia alisimama wima, akafunua karatasi na kusoma kama mtu anayesoma matangazo ya msiba. Kwamba mimi ni mchoyo wa wino. Nikamwambia kwa sauti laini Mungu akubariki, ndugu yangu. Kwamba duka langu lina joto kuliko tanuri. Nikasema asante kwa kunirekebisha. Mchungaji akaweka miwani yake vizuri. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Tusi la tatu fundi hakulisoma. Aliishusha karatasi, akaniangalia. Akasema polepole, "Mama, mwaka jana mke wangu alipolazwa, nilikuja hapa na barua ya hospitali. Nilihitaji kopi moja tu. Ukaniambia ndiyo kwanza unafunga uende ukale. Nikakuomba. Ukazima mashine nikiwa nakuangalia."

Hilo halikuwa kwenye makubaliano.

Sijui mkono ulifikaje kwenye stepla. Ile kubwa, ya kubania vitabu. Nililenga ukuta, nasema kweli mbele za Mungu. Ilimpata mchungaji gotini.

Fundi aliondoka. Karatasi ilibaki sakafuni. Mchungaji, huku akisugua goti, akaiokota akaisoma yote. Mwandiko wangu aliutambua. Mpaka pale nilipoandika, kwa wino mwekundu: hapa mama anatabasamu.

Ijumaa, tarehe 6 Machi

Wifi kaja dukani. Habari kazipata, na nani asiyezipata. Nilijiandaa kwa mahubiri. Hakuhubiri, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alishika ufagio akafagia, kisha akasema, "Wifi, mimi juzi nimemkaripia mama mpaka akaacha chakula mezani. Nimelia usiku kucha. Tunakwenda tu, hatua kwa hatua."

Nilimpa pole. Ndani ya moyo nilifurahi kama niliyepewa zawadi. Kumkaripia mama mkwe! Nikamuuliza kama mchungaji anajua. Akasema alimweleza mwenyewe, siku hiyohiyo. Na bado ataongoza maombi. Kanisa hili silielewi.

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Nilitaka kwenda kumwomba fundi msamaha nikiwa na mchungaji. Nikampigia. Akasema goti limevimba, niende mwenyewe.

Nikaenda. Fundi alikuwa anapiga misumari kwenye mgongo wa kochi. Nilisema nimekuja kuomba radhi kwa ile barua. Akaendelea kupiga misumari. Nikasema tena. Nilianza kueleza kwamba siku ile sikuwa nimekula tangu asubuhi, nikajisikia ninavyoeleza, nikanyamaza.

Mwisho akaweka nyundo chini. "Kopi niliipata kwingine," alisema. "Mke wangu alipona. Kilichoniuma ni kesho yake. Ulinisalimia kama kawaida. Hukukumbuka chochote."

Nilikaa kwenye kochi lisilo na sponji, springi zikinichoma, nikalia kidogo. Akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake. Tukanywa. Kwa nusu saa nzima sikuwaza kanisa, wala wifi, wala zamu.

Nilipofika mlangoni nikajilaumu. Nusu saa kama ile, na sikuwa na shahidi hata mmoja.

Jumapili, tarehe 8 Machi

Wifi kaongoza maombi. Alisahau maneno, watu wakalia. Sijui kwa nini na mimi nililia.

Baada ya ibada mchungaji akanijia akichechemea. Fundi alimweleza ya jana. Akasema, "Mama, umekua kidogo." Nikamuuliza kidogo kiasi gani, ana kipimo? Akasema hakuna kipimo, na mwenyewe pengine sitaona. Wanaoishi na mimi ndio watakaoona, baada ya muda.

Wanaoishi na mimi! Angesema mapema.

Mchana nimefungua duka nikachapa fomu. Safu za upole, subira na kiasi, alama moja mpaka kumi, chini nafasi ya sahihi. Nakala thelathini. Mume wangu na watoto watajaza kila jioni kabla ya kula. Mume wangu ameiangalia ya kwanza, akanipa nne kwenye subira.

Nne! Nimemrudishia airekebishe, na chakula nimekifunika mpaka atakaponijua vizuri.