Kiti Hafifu cha Makusudi

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye karakana ng'ambo ya barabara, anamwambia kila mpita njia kwamba viti vyangu ni hafifu. Hafifu! Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu hula kwangu kila mchana. Nimemwambia mke wangu afadhali angesema vibovu. Akasema hapana, kila neno na mahali pake: kiti kibovu kimeshavunjika, hafifu kinakusubiri ukikalie. Akacheka peke yake.

Jumanne, 5 Machi
Mwalimu mkuu anakuja keshokutwa kuchagua seremala wa viti vya shule. Mke wangu katangaza: nikiikosa kazi hii, nafunga karakana, nakuwa kibarua wa kaka yake. Bora kufa! Lakini nimepata wazo. Watu hawajui hafifu kwa sababu hawajaonyeshwa. Nitatengeneza kiti hafifu cha kweli, nikiweke katikati ya vyangu. Vyangu vitaonekana vya kifalme.

Jumatano, 6 Machi
Kumbe kuharibu nako ni kazi! Sikupiga randa. Sikuchonga nakshi. Mabaki ya boriti, misumari ya kuezekea, hakuna hata tone la gundi yangu ya siri. Kibaya hasa. Nimekipenda.

Alhamisi, 7 Machi
Msiba. Mwalimu mkuu, mama mwenye mwili na heshima zake, amekalia kiti changu cha kwanza. Kikatoa mlio kama paka. Cha pili kikamlaza chali. Nikamnyanyua kwa pole nyingi. Akakifuata mwenyewe kile hafifu, akaketi, akajitingisha. Kiti kimya! Akasema anataka vya namna hiyo, shule nzima. Nikamjibu kwa ukali kwamba hicho ni hafifu, nami siuzi hafifu, nina jina langu. Akauliza jina gani. Shemeji akavuka barabara mbio, akaomba kukiazima kiwe mfano. Nikampa. Kilikuwa kinanitia aibu.

Jumamosi, 9 Machi
Kazi ya shule kaipata shemeji, na tangu jana mimi ni kibarua wake. Kazi yangu: kunakili kile kiti hivyo hivyo kilivyo, nisiongeze kitu. Kanionya mara mbili, kidole mbele ya pua yangu. Mke wangu anaimba jikoni. Wote hawa hawaijui fani. Shemeji alipotoka kula, nimeichonga miguu ya kile kiti ikawa myembamba, ya kupendeza, nikang'oa misumari, nikatia gundi yangu. Mwalimu mkuu anakuja Jumatatu kukikalia.