Siri ya Jeshi na Maharage ya Ilagala

Jumatatu, 17 Februari 1997
Meja kaja kambini Kigoma na hotuba: vita vya kisasa vinashindwa ghalani. Wenzangu wakasinzia. Mimi, Koplo Telesphory, mtunza ghala, nusura nilie. Hatimaye mtu anayenielewa! Askari wetu kumi na wawili wako Ilagala wanapokea wakimbizi wa ng'ambo ya ziwa, na chakula chao huchukua siku tatu kwa lori la Koplo Hamdani. Tope, pancha, shemeji zake wa njiani. Nimeahidi kukifikisha kwa usiku mmoja, kwa maji. Meja akasema nikiweza, V ya tatu ni yangu. Sajenti Telesphory! Hamdani kacheka. Wivu.

Jumanne, 18
Katonga, kwa Bi Hidaya mwenye mitumbwi. Nikamwamkia, nikauliza kama Alhamisi mitumbwi itakuwepo. Akasema ipo yote: mbalamwezi dagaa hawafuati taa, hakuna anayevua, giza likirudi haubaki hata mmoja ufukweni. Akataka kuongeza neno. Nikamkatiza: mengine ni siri ya jeshi.

Jumatano, 19
Mageuzi hayataki kurudi nyuma. Nimeng'oa magurudumu ya lori na kuyafungia ghalani. Hamdani kauliza, mitumbwi ikikosekana? Fikra za kizamani!

Alhamisi, 20
Mitumbwi ipo yote, kweli. Imelazwa ubavu mchangani, mafundi wanaiziba kwa pamba na mawese. Mashine zake zimefunguliwa vipande vipande. Kumbe mbalamwezi ndiyo wakati wa matengenezo, hata mbuzi wa Katonga wanajua! Wavuvi wako harusini Ujiji. Mvua ikatunyeshea, mimi na magunia manane ya maharage. Iliniuma. Wale vijana wa Ilagala wamebakiza unga wa siku moja.

Jumamosi, 22
Hamdani karudisha magurudumu, tumefika Ilagala leo. Maharage yamechipua. Meja katutangulia, tukamkuta na askari wote wanakula ugali wa muhogo wa Rozalia, mkimbizi aliyeshuka Jumanne na watoto watano, gunia la unga, sufuria na chumvi. Kawalisha tangu jana. Meja akaniamuru nitazame vizuri mzigo wa Rozalia, huo ndio ugavi. Nitaosha masufuria wiki nzima. Rozalia akaniuliza kwa upole kama nimekula. Aibu niliyoiona! Nikala sahani mbili.

Jumapili, 23
Nimewaza huku nikisugua masizi. Mpango ulikuwa safi, kosa ni la mwezi. Nimemwandikia Meja tarehe mpya: Alhamisi, 6 Machi, saa mbili usiku. Giza totoro, mashine nzima, mitumbwi yote majini! Rozalia, mke wa mvuvi, akasema afande, lakini gizani si ndiyo... Nikamshukuru, nikamwambia ni siri ya jeshi. Hamdani nimemwagiza asikaze sana nati za magurudumu.