Rababendi ya Sita

Habari iliyovuruga benchi siku hiyo ilisomwa na Profesa, karani wa ofisi ya maji, ambaye uprofesa wake ulitokana na miwani tu. Aliisoma kwenye simu kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

"Mkimbiaji wa mbio ndefu anyang'anywa medali. Inasemekana alipanda pikipiki katikati ya njia, akashuka zikiwa zimebaki kilomita mbili. Alikuwa amemaliza wa tatu."

"Na pikipiki yote hiyo bado akawa wa tatu?" alishangaa Wembe, kinyozi wa mlango wa pili. "Huyo apewe pole, siyo adhabu."

"Afungwe," alisema Kepteni. "Mtu kama huyo anaichafua riadha tuliyoijenga sisi."

Kepteni alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro. Miaka ishirini na sita iliyopita alikuwa nahodha wa timu ya mbio za nyika ya sekondari yao, na cheo hicho hajawahi kukikabidhi kwa mtu.

Mwenye benchi hakuinua uso. Alikuwa fundi viatu, na benchi lenyewe lilikuwa la wateja, ingawa wateja walikuwa hawajalipata kwa miaka. Wenzake walimwita Mkia. Wote wanne walikimbia timu moja, ile iliyoleta kombe la wilaya. Kila shule ilitoa wakimbiaji sita, nafasi zao zikajumlishwa, na wenye jumla ndogo wakashinda. Wao walishinda kwa pointi moja. Watano waliingia wamefuatana vizuri, halafu kukawa kimya, halafu baada ya dakika kumi na nane akaingia yeye, wa thelathini na moja. Tangu siku hiyo hakuna wiki iliyopita bila benchi kumkumbusha.

"Ile fomu ya binti yako umesaini?" Kepteni alimgeukia.

"Bado."

"Usisaini. Mtoto wa Mkia akikimbia nyika, wenzake watamaliza, wataoga, watafunga shule, ndiyo aingie."

Wakacheka. Mkia naye akacheka, kicheko alichokizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Fomu ilikuwa chini ya kopo la gundi. Binti yake alikuwa amechaguliwa timu ya shule, na ilitakiwa irudi kesho ikiwa na sahihi ya mzazi. Jana usiku Mkia alimwambia, "Ukoo wetu hauna mbio, mama. Sitaki wakucheke." Binti hakulia. Aliosha vyombo vyote, hata visafi, na hilo lilimuuma baba yake kuliko machozi.

"Lakini tusimwonee sana huyu wa pikipiki," alisema Wembe, ambaye ulimi wake haujawahi kuwa na breki. "Watu mnadhani kujificha ni kazi nyepesi. Unachuchumaa mpaka miguu inakufa ganzi. Jasho huna, lazima ujimwagie maji. Ukitoka mapema umejiumbua, ukichelewa umepitwa. Inataka akili, jamani."

Kepteni akakohoa. Profesa akavua miwani na kuanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Wembe," Mkia alisema, sindano ikiwa imesimama katikati ya soli, "hayo umeyasoma wapi?"

"Nimesikia tu."

"Umesikia kwa nani habari za kujimwagia maji?"

"Kaka, tuzungumze mambo mengine. Bei ya sabuni umeiona?"

Mkia akaweka kiatu chini. "Kepteni."

"Ilikuwa zamani sana," alisema Kepteni.

"Nini kilikuwa zamani?"

Ikabidi aseme. Njia ya mashindano ilipita nyuma ya kiwanda cha mbao, ikapanda kilima mpaka kwenye tangi la maji, ikazunguka tangi na kurudi ilikotoka. Pale tangini alisimama mwalimu wa michezo, na kila aliyefika alimvisha rababendi ya njano mkononi, iwe ushahidi. Asubuhi ya siku hiyo mwalimu alimtuma Kepteni ofisini akamchukulie boksi la hizo rababendi.

"Nikachomoa kidogo," alisema Kepteni.

"Kidogo ngapi?"

"Sita. Ndugu yangu, nakuapia, zilikuwa sita. Hatukuwa na ubaguzi. Ila Wembe alikuwa anazivuta kujaribu kama ni imara, moja ikakatika."

"Ilikuwa na kasoro ya kiwandani," Wembe alijitetea.

"Kwa hiyo mkaamua mimi ndiye nikimbie."

"Tulipiga kura," alisema Profesa. "Ya siri."

"Mimi sikuwepo."

"Ndiyo maana ulishinda kwa kishindo."

Mkia alikikumbuka kile kilima. Alikipanda peke yake, hakuna mtu mbele, hakuna mtu nyuma, akajua kwamba wote wameshapita na yeye amebaki kuaibisha shule. Alilia huku anakimbia. Mwalimu alipomvisha rababendi alimwambia, "Kaza hivyohivyo, mwanangu, unakwenda vizuri sana," naye akadhani anahurumiwa.

"Nyinyi watano," alisema polepole, "mlikaa nyuma ya kiwanda cha mbao."

"Tungekuwa watano tu ingekuwa afadhali," alisema Wembe. "Palijaa! Shule zote zilikuwepo. Tulibanana mpaka tukapanga foleni ya kutoka. Wale jamaa wa bondeni walikuja na rababendi zao kutoka nyumbani."

"Mwalimu alisema boksi lilirudi karibu limejaa," aliongeza Profesa. "Alidhani amenunua nyingi."

Mkia akamtazama. "Profesa, wewe ni mtu wa hesabu. Mimi nilikuwa wa ngapi?"

Profesa alivaa miwani. Alihesabu vidole vya mkono mmoja, akavirudia, akahesabu tena.

"Wa tatu," alisema. "Labda wa pili. Yule mrefu wa shule ya misheni viatu vyake havikuwa na vumbi."

Hakuna aliyecheka. Mkia alihisi hasira, halafu aibu ya miaka ishirini na sita ikamtoka mwilini kama homa, na kilichobaki kilimfanya atake kwenda nyumbani mbio. Alivuta fomu chini ya kopo, akachukua kalamu anayochorea soli, akasaini kwa herufi kubwa mpaka sahihi ikatoka nje ya mstari.

"Umefanya vizuri," alisema Kepteni haraka. "Mambo ya zamani tuyaache. Yabaki hapahapa benchini."

"Yatabaki. Jumamosi binti yangu anaanza mazoezi, saa kumi na mbili asubuhi, njia ileile. Hawezi kukimbia peke yake. Mimi nilijaribu, ni vibaya sana. Mtakimbia naye."

"Sisi? Na goti langu hili?" alisema Kepteni.

"Kilomita nane? Mimi nina presha, Mkia," alisema Profesa.

"Basi sawa. Nitapita kwa mwalimu kumsalimia. Yupo, na masikio yake bado mazima."

Kepteni alilisugua goti lake. "Saa kumi na mbili kamili," aliuliza, "au na robo?"

"Kamili. Mimi nitakuwa tangini."

Wakaanza kuondoka mmojammoja, Profesa akishika kiuno kabla hata hakijauma. Wembe alifika mlangoni kwake, akafikiri, akarudi hatua mbili.

"Kaka, hizo rababendi safari hii zitakuwa rangi gani?"

"Utaiona ukifika," alisema fundi, akaokota kiatu chake.